2,147,483,647: Namba tasa iliyojificha ndani ya simu yako

Wasikilizaji wetu kadhaa wametuuliza swali moja kwa maneno tofauti: je, ni kweli kwamba mwaka 2038 simu zitapoteza tarehe na kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja? Habari hii huzunguka kwenye makundi ya simu, na mara nyingine hutiwa chumvi nyingi. Hewani tulikuwa na dakika chache tu, kwa hiyo tumeiandika hapa kwa kirefu ili uisome taratibu.

Jibu fupi ni hili: habari hiyo ina ukweli, lakini si kwa simu zote, na hakuna simu itakayolipuka. Chanzo chake ni namba moja, 2,147,483,647. Isome hivi: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ina tarakimu kumi, sawa na namba yako ya simu ukiianza na sifuri.

Namba hii ilijulikana kabla ya simu kuwepo. Mwaka 1772 ilithibitishwa kuwa namba tasa, na kwa zaidi ya miaka 90 ikawa ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani. Kuielewa hakuhitaji kompyuta. Bao linatosha, lile linalochezwa chini ya mwembe.

Tuanze na posho ya wapagazi

Namba tasa tulifundishwa shule ya msingi. Ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Mfano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 12 si tasa, kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye njia ya misafara. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora. Kutoka hapa mingine iliendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na mingine ikageukia kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walisifika kwa kazi ya upagazi. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na hatuwezi kuitaja bila kuwakumbuka.

Njiani chakula kilinunuliwa kwa vitambaa, shanga na waya wa shaba. Kiongozi wa msafara alipaswa kujua kugawa. Tuseme ana nyuzi 60 za shanga za kununulia posho. Akiwa na watu 12, kila mmoja anapata 5. Wakiwa 15, kila mmoja anapata 4. Wakiwa 20, ni 3. Namba 60 ni rahisi kugawa.

Ongeza uzi mmoja ziwe 61, na mambo yanabadilika. Wakiwa 12, unabaki mmoja. Wakiwa 15, unabaki mmoja. Jaribu idadi yoyote ya watu, kuanzia wawili hadi sitini, na lazima kitu kibaki. Hiyo ndiyo namba tasa: mzigo ambao hakuna kundi linaloweza kuugawana sawa, labda awe mtu mmoja anayechukua wote, au watu 61 na kila mmoja uzi wake.

Namba 2,147,483,647 iko hivyo hivyo. Ukiwa na punje bilioni mbili na zaidi za idadi hiyo kamili, hutapata kundi la watu wawili, elfu kumi au milioni mia tano litakalogawana sawa bila baki.

Punje za mahindi kwenye mashimo ya bao

Bao letu lina safu nne za mashimo manane. Jumla ni mashimo 32. Leo tuweke kete pembeni, tuchukue mahindi.

Weka punje 1 shimo la kwanza, punje 2 shimo la pili, 4 la tatu, 8 la nne. Kila shimo linapata mara mbili ya lililotangulia. Ukimaliza safu ya kwanza umetumia punje 255. Tukikadiria kwamba punje tatu zina uzito wa gramu moja, hizo ni gramu 85 tu, zinaingia kwenye kiganja.

Ukimaliza safu ya pili umetumia punje 65,535, ambazo ni karibu kilo 22, zaidi ya debe. Ukimaliza ya tatu, ni punje 16,777,215. Hapo umefika kilo zaidi ya 5,500, yaani magunia kama 56 ya kilo mia mia.

Safu ya nne jaza mashimo saba, uache la mwisho. Umefika shimo la 31, na jumla ya punje zote ni 2,147,483,647. Kwa kadirio letu ni kama magunia 7,158. Kama wangebebeshwa wapagazi wa zamani, kila mmoja frasila mbili, yaani karibu kilo 32, ungehitaji wapagazi zaidi ya 22,000.

Shimo la 32 lililobaki tupu lingehitaji punje 2,147,483,648 peke yake. Ni punje moja zaidi ya zote zilizomo kwenye mashimo 31. Ndiyo tabia ya kuongeza maradufu: shimo linalofuata huwa linazidi jumla ya yote ya nyuma kwa moja. Likumbuke shimo hilo la 32, tutalirudia tukifika kwenye simu.

Kwa nini mashimo 31 na si 30 au 32

Hebu tuangalie jumla ya punje kila unapoongeza shimo. Mashimo 2 yanatoa 3. Mashimo 3 yanatoa 7. Mashimo 4 yanatoa 15. Mashimo 5 yanatoa 31. Mashimo 6 yanatoa 63. Mashimo 7 yanatoa 127.

Hapo 3, 7, 31 na 127 ni tasa. Namba 15 na 63 si tasa. Utaona kwamba tasa zimetokea pale idadi ya mashimo yenyewe ilipokuwa tasa: 2, 3, 5 na 7.

Sababu yake inaonekana kwenye bao. Chukua mashimo 6, uyakate makundi mawili ya matatu. Kundi la kwanza lina 1, 2 na 4, jumla 7. Kundi la pili lina 8, 16 na 32, jumla 56, ambayo ni 7 mara 8. Kwa hiyo yote pamoja ni 7 mara 9, yaani 63. Ikiwa mashimo yanaweza kukatwa katika makundi yaliyo sawa, jumla ya punje nayo itagawanyika. Ndiyo maana bao zima la mashimo 32 linatoa 4,294,967,295, namba inayogawanyika kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ukiacha shimo moja tupu, unapata namba isiyogawanyika kabisa.

Lakini tahadhari. Mashimo yakiwa tasa, si lazima jumla iwe tasa. Mashimo 11 yanatoa 2,047, na hiyo ni 23 mara 89. Kwa hiyo 31 kuwa tasa kulikuwa dalili tu. Ushahidi ulihitaji kazi.

Mzee aliyekaribia upofu na migao 372

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliorodhesha idadi za mashimo ambazo aliamini zinatoa namba tasa. Bila shaka yeye hakutumia bao, tunatumia lugha yetu. Orodha yake ilikuwa na 31, na pia 67 na 257. Hakutoa uthibitisho kwa namba kubwa hizo, na baadaye ikaonekana kwamba kwa 67 na 257 alikosea. Hata hivyo namba tasa za aina hii zinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Aliyethibitisha ya 31 ni Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Ilikuwa mwaka 1772. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi, na macho yake yalikuwa yamekaribia kupoteza nuru kabisa.

Unathibitishaje kwamba namba kubwa hivyo haigawanyiki? Kwanza, huhitaji kujaribu namba zote. Namba ikigawanyika katika sehemu mbili, moja ya sehemu hizo lazima isizidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kidogo. Ukijaribu namba tasa zote zisizozidi hapo bila kupata kigawo, kazi imekwisha. Namba tasa hizo ni 4,792. Kwa kalamu na wino, hiyo ni kazi ya kumchosha mtu.

Euler alipunguza kazi. Alijua kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha namba hii, kama kipo, lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 31, na lazima kibakize 1 au 7 ukikigawa kwa 8. Ukiunganisha masharti hayo mawili, kigawo lazima kibakize 1 au 63 ukikigawa kwa 248. Chini ya 46,341 namba za aina hiyo za kujaribiwa ni 372 tu, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo unaziruka. Zilizobaki zikajaribiwa. Hakuna iliyogawa. Namba ikawa tasa.

Sharti la kwanza unaweza kulihakikisha kwenye mfano wetu wa mashimo 11. Vigawo vya 2,047 vilikuwa 23 na 89. Gawa 23 kwa 11, unabaki 1. Gawa 89 kwa 11, unabaki 1. Ndivyo ilivyo daima.

Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1867, Mfaransa Fortuné Landry alipopata namba tasa kubwa zaidi. Leo rekodi iko mbali sana. Mnamo Oktoba 2024, Mmarekani Luke Durant alipata namba tasa kwa kanuni ile ile ya kuongeza maradufu, lakini kwa mashimo 136,279,841. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320. Yetu ina kumi.

"Haina kazi," walisema

Namba yetu ina sifa nyingine iliyowavutia watu wa kale. Namba 6 inagawanyika kwa 1, 2 na 3, na ukijumlisha hizo unapata 6 yenyewe. Namba 28 inagawanyika kwa 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Hizi huitwa namba kamilifu.

Angalia zinavyotoka kwenye bao. Mashimo mawili: jumla 3, shimo la mwisho 2, zizidishe upate 6. Mashimo matatu: jumla 7, shimo la mwisho 4, zizidishe upate 28. Kila jumla ikiwa tasa, ukiizidisha kwa shimo la mwisho unapata namba kamilifu. Euclid wa Ugiriki ya kale alilionyesha jambo hili takribani miaka 2,300 iliyopita. Kwa mashimo yetu 31, namba kamilifu inayopatikana ni 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu hiyo huenda ikawa kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba za aina hiyo ni za kustaajabisha tu na hazina manufaa, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea kuhusu kutafuta. Na kuhusu manufaa, namba tasa aliyoitegemea Euclid kwenye kanuni ile, kwa mashimo 31, sasa imo mfukoni mwa watu wengi.

Kutoka bao hadi simu

Simu na kompyuta huhifadhi namba kwa vipande vinavyoitwa biti. Biti moja ni kama shimo la bao lenye nafasi ya kete moja tu. Ama kete ipo, ama haipo. Shimo la kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, na kuendelea, sawasawa na punje zetu.

Ukitaka kuandika 5, weka kete shimo la kwanza na la tatu, kwa sababu 1 na 4 ni 5. Ukitaka kuongeza moja na shimo limeshajaa, unaliacha tupu na kupeleka kete shimo linalofuata. Hivyo ndivyo mashine inavyohesabu.

Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa biti 32. Ni bao moja kamili. Lakini mashine inahitaji pia kuandika namba hasi, kama nyuzi joto za chini ya sifuri au deni. Kwa hiyo mashimo 31 hutumika kwa namba, na shimo la 32 huwa la deni. Kete ikiingia humo husomwa kama deni la 2,147,483,648.

Sasa unaona tatizo. Mashimo 31 yote yakijaa, namba ni 2,147,483,647, ile ya Euler. Ongeza moja tu. Shimo la kwanza limejaa, linamwagika kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, mpaka mashimo yote 31 yawe matupu na kete moja iangukie shimo la 32. Mashine iliyokuwa na zaidi ya bilioni mbili inasoma hasi 2,147,483,648. Hakuna aliyeiba. Bao limejaa tu.

Desemba 2014 YouTube walisema walilazimika kupanua hesabu ya watazamaji, kwa sababu wimbo Gangnam Style wa Psy kutoka Korea Kusini ulikuwa unapita kikomo hicho hicho.

Jumanne, 19 Januari 2038

Mifumo mingi ya kompyuta haihifadhi tarehe kwa siku na miezi. Inahesabu sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Kwa saa zetu ilikuwa saa 9 usiku.

Kama mfumo unahifadhi sekunde hizo kwenye bao la biti 32, bao litajaa siku ya Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Tanzania, kabla jua halijachomoza Tabora. Sekunde inayofuata, mfumo huo utasoma deni, na utarudi mpaka 13 Desemba 1901. Mwaka huo ujenzi wa reli ya kati kutoka Dar es Salaam ulikuwa haujaanza. Ulianza 1905, na treni ikafika Tabora 1912. Kwa mujibu wa simu hiyo, mizigo ingekuwa bado inapita kwa mabega.

Je, simu yako imo? Simu janja za miaka ya karibuni nyingi zinatumia biti 64, yaani mabao mawili yaliyounganishwa. Kwa kuwa kila shimo huongeza maradufu, mabao mawili hayatoshi kwa miaka maradufu tu. Yanatosha kwa sekunde za miaka mabilioni mengi, kuliko umri wa dunia yenyewe. Wenye simu hizo hawana cha kuhofia kwa upande huu.

Walio katika hatari ni simu janja za zamani ambazo hazipati tena masasisho, na vifaa ambavyo hatuvifikirii kuwa ni kompyuta: visanduku vya kuendeshea mitambo, mashine za ofisini, kamera za ulinzi. Vitochi vingine huhesabu tarehe kwa njia nyingine, na vina vikomo vyake. Simu ikikosea tarehe haiungui. Itaweza kupiga na kupokea, lakini tovuti na programu nyingi zitakataa kufunguka, kwa sababu huangalia tarehe kabla ya kukuamini.

Na pesa zako za kwenye simu? Salio na miamala huhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni, si kwenye saa ya simu yako. Simu ikionyesha 1901, salio halipotei. Yeyote atakayekupigia akidai utume pesa au utaje namba ya siri ili "uokolewe na 2038" ni tapeli.

Kikomo cha shilingi kipo karibu zaidi

Hapa kuna jambo ambalo kwetu linaweza kuuma mapema kuliko 2038. Namba hii ni ndogo ikihesabiwa kwa shilingi.

Mtu wa Marekani akihesabu kwa dola, bilioni mbili ni utajiri mkubwa mno. Kwetu ni hesabu ambayo chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku kinaweza kuifikia. Kwa mfano tu: kilo 500,000 kwa shilingi 5,000 kila kilo ni shilingi 2,500,000,000. Programu ya hesabu iliyojengwa kwa biti 32 haiwezi kuandika namba hiyo. Inaweza kuonyesha hasi 1,794,967,296. Fikiria mhasibu anaisoma ripoti hiyo mbele ya mkutano wa wanachama.

Zipo pia programu zinazohesabu kwa senti ili kuepuka makosa ya desimali. Zikitumia biti 32, kikomo kinashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47. Hizo ni milioni 21 na ushee. Kikundi cha kuweka na kukopa, shule au duka la jumla linaweza kufika hapo.

Programu zilizotengenezwa vizuri hutumia nafasi kubwa zaidi. Shida ni zile za bei rahisi, au zilizoandikwa haraka na mtu aliyefikiria fedha za nchi nyingine.

Mahali ambapo utasa wake unasaidia

Tusiionyeshe kama namba ya balaa tu. Kuna kazi ambayo kutogawanyika kwake ndiko kunakosaidia.

Programu zinazochanganya nyimbo au karata zinahitaji namba zinazoonekana kama za kubahatisha. Njia moja ya zamani ni kuzidisha na kuchukua baki. Tujaribu na namba tasa ndogo, 7, tukizidisha kwa 3. Anza na 1. Mara 3 ni 3. Mara 3 ni 9, toa 7 ubaki 2. Mara 3 ni 6. Mara 3 ni 18, baki 4. Mara 3 ni 12, baki 5. Mara 3 ni 15, baki 1, umerudi mwanzo. Umepita 1, 3, 2, 6, 4 na 5. Zote sita, hakuna iliyorukwa.

Sasa tumia 8, ambayo si tasa. Anza na 1, kisha 3, kisha 9 toa 8 ubaki 1. Umekwama kwenye mbili tu.

Mwaka 1988 Wamarekani Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kanuni ya aina hii itumike kama kipimo cha chini kinachokubalika. Inazidisha kwa 16,807 na kuchukua baki ya kugawa kwa 2,147,483,647. Kwa kuwa namba hii ni tasa na kizidisho kimechaguliwa vizuri, mzunguko unapita namba 2,147,483,646 zote kabla ya kurudi mwanzo. Haifai kwa kufuli za siri, maana anayejua kanuni anaweza kutabiri inayofuata. Kufuli hizo hutumia namba tasa kubwa zaidi, mara nyingi za tarakimu zaidi ya 300.

Unachoweza kufanya

Kwa simu yako: angalia kwenye mipangilio kama bado inapokea masasisho. Ukinunua simu janja iliyotumika, muulize muuzaji kama ni ya biti 64. Usiipeleke tarehe ya simu mbele hadi 2038 kwa kujaribu, maana tovuti na programu zinaweza kugoma papo hapo. Na simu ikikataa kufungua tovuti leo, kitu cha kwanza cha kuangalia ni tarehe na saa.

Kwa wahasibu wa vyama, vikundi na shule: kabla ya kulipia programu ya hesabu, omba nakala ya majaribio. Ingiza pato la shilingi 2,147,483,647, kisha ongeza shilingi 1. Jibu sahihi ni 2,147,483,648. Ikitokea alama ya hasi, sifuri, au programu ikagoma, umelijua tatizo kabla fedha za wanachama hazijaingia. Ukimaliza, ingiza tena shilingi 30,000,000 na senti 50, uone kama inabaki vilevile.

Kwa walimu: bao na kikombe cha mahindi vinatosha kufundisha namba tasa, vigawo na vipeo. Jazeni safu ya kwanza darasani, halafu waulize wanafunzi safu ya pili itahitaji mahindi kiasi gani. Waache wakisie kabla ya kupiga hesabu.

Wenye maswali watutumie ujumbe kama kawaida, tutayajibu hewani. Na mwenye bao karibu ahesabu mashimo yake, kisha alitazame lile la 32.